Barua ya wazi: Fedha za kupunguza hatari za maafa zifike kijijini Julai, si Aprili

Kwa:
Mheshimiwa Waziri Mkuu wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Mheshimiwa Waziri wa Nchi mwenye dhamana ya maafa, Ofisi ya Waziri Mkuu,
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI,
Mheshimiwa Waziri wa Fedha.

YAH: RUZUKU YA KUPUNGUZA HATARI ZA MAAFA KWA VIJIJI NA MITAA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni mafundi sanifu, maofisa maendeleo ya jamii na watu wa mazingira ambao kazi yetu ya kila siku ni mifereji, matuta, makorongo na kamati za maafa za vijiji. Hatuombi unga wala mablanketi. Tunaomba ruzuku ndogo, yenye masharti machache na tarehe zinazoheshimiwa, inayofika kijijini wakati ardhi bado ni kavu.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeunda kamati kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji na mtaa. Kamati ya kijiji imepewa majukumu, lakini haijapewa hela. Mwenyekiti anaitisha kikao, mtendaji anaandika muhtasari, wajumbe wanataja korongo lile lile walilolitaja mwaka jana, muhtasari unapanda kata, unapanda wilaya, basi. Fedha huanza kutembea pale maji yanapokuwa yameshaingia ndani ya nyumba.

Hapo hutembea haraka, hilo tunalikiri. Tope la Mlima Hanang liliposhuka Katesh Desemba 3, 2023 na kuua watu zaidi ya 80, serikali ilifika, ilizika, ilitibu, na nyumba mpya zikajengwa Waret. Aprili 25, 2024 Bunge lilielezwa kwamba mvua za El Niño zilikuwa zimeua watu 155 na kugusa wengine takriban 200,000. Mei 4 Kimbunga Hidaya kikaja, barabara ya Kusini ikakatika Somanga, na magreda yakapelekwa. Kwa hiyo hatuwezi kusema nchi haina fedha za maafa wala kwamba viongozi hawajali. Kinachokosekana ni mlango wa kutolea fedha hizo kabla.

Mlango huo si kitu kigeni. Mwishoni mwa 2021, kupitia mpango wa shilingi trilioni 1.3 wa UVIKO-19, madarasa 15,000 yalijengwa ndani ya miezi michache kwa shilingi milioni 20 kila moja. Kazi ile ilikwenda kwa sababu bei ilikuwa moja, mchoro ulikuwa mmoja, fedha ziliingia akaunti ya shule, na kamati ya ujenzi ilikuwa ya watu wanaofahamiana. Ilikuwa na kasoro zake: shule zote zilikwenda kununua saruji wiki zile zile na bei ikapanda. Lakini utaratibu upo, wahasibu wanaujua, wakaguzi wanaujua. Tunaomba utumike kwa mifereji kama ulivyotumika kwa madarasa.

Pendekezo letu ni dirisha la ruzuku ya shilingi milioni 10 hadi 40 kwa kijiji au mtaa. Kwa kuanzia, vichaguliwe vijiji na mitaa 300 kutoka halmashauri zilizopigwa mara nyingi zaidi. Kwa wastani wa milioni 25, hiyo ni bilioni 7.5 kwa mwaka. Tunataja kiasi ili kijadiliwe, ila tungepewa nafasi ya kubadilisha jambo moja tu, tusingegusa kiasi. Tungegusa kalenda.

Kalenda

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kwa kawaida fedha za maendeleo huanza kuonekana halmashauri robo ya kwanza ikielekea mwisho, Septemba au Oktoba. Zikifika, kuna zabuni kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa manunuzi ya umma, kuna vibali, kuna mkataba. Anayejenga anakabidhiwa eneo Novemba au Desemba. Sasa tazama mvua. Ukanda wa Pwani, Dar es Salaam, Tanga, Kilimanjaro na kaskazini mwa Morogoro wanapata vuli Oktoba hadi Desemba na masika Machi hadi Mei. Dodoma, Singida, Mbeya, Songwe, Rukwa, Ruvuma, Lindi na Mtwara wana msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Fundi anakabidhiwa eneo siku ambayo eneo limeanza kuwa matope.

Hapa kuna jambo ambalo mtu wa ofisini anaweza asilione. Udongo uliolowa haushindiliki. Mtambo ukipita juu yake, udongo unabonyea mbele na kuinuka nyuma, na ukikauka unabaki na nyufa. Fundi mzoefu hupima kwa mkono: anachota udongo, anaufinya uwe donge, analiachia kutoka usawa wa kiuno. Donge likivunjika vipande viwili vitatu, udongo uko sawa. Likitua likabaki zima na kubonyea, maji yamezidi, kazi isimame. Likisambaratika kuwa vumbi, liongezwe maji. Kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Mei, sehemu kubwa ya nchi donge hilo linabaki zima siku nyingi kuliko linavyovunjika. Tuta lililojengwa Januari linaweza kupendeza siku ya uzinduzi, lakini maji ya Machi yakiligusa linayeyuka.

Kisha kuna Juni 30, ambapo fedha bakaa hurudi Hazina. Halmashauri iliyopokea hela Februari na kuzuiwa na mvua hadi Mei inabakiwa na wiki nne. Katika wiki nne huwezi kuchimba mtaro wa maana, ila unaweza kununua makoti ya mvua, kuchapa mabango na kufanya semina ya siku tatu. Tusiwalaumu wakurugenzi kwa hilo. Kalenda imewaelekeza huko.

Tunachoomba ni hiki: mkutano mkuu wa kijiji upitishe mradi kufikia Februari, michoro na vipimo vikamilike Aprili, asilimia 60 ya fedha iingie akaunti ya kijiji kabla ya Julai 15, asilimia 30 Septemba baada ya fundi sanifu wa halmashauri kukagua, na asilimia 10 ya mwisho isubiri mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite. Hiyo ya mwisho ina sababu. Kasoro za kazi ya maji hazionekani kwa macho siku ya makabidhiano, zinaoneshwa na maji yenyewe: ukingo umeliwa wapi, maji yamepita pembeni wapi, mawe yapi yameng'oka. Fundi akijua bado anadai, atarudi. Pia waraka wa Hazina useme wazi kwamba fedha za dirisha hili hudumu miezi 18 bila kufagiliwa.

Vipimo kabla ya maombi

Kijiji kinachohitaji ruzuku zaidi ndicho kisichoweza kuiomba. Fomu inataka mchoro, mchoro unataka vipimo, vipimo vinataka hela ya mafuta na posho ya mtaalamu. Kwa hiyo wanaopata ni waliokwisha kupata mfadhili wa kuwaandikia. Tengeni shilingi milioni 1.5 hadi 2 kwa kila kijiji kilichoteuliwa, kwa ajili ya maandalizi peke yake, na zitoke hata kama mradi hautapita. Fomu iwe ya Kiswahili, kurasa tatu, nayo iulize: maji yalifika wapi mara ya mwisho, nyumba ngapi ziko chini ya alama hiyo, eneo la juu linalokusanya maji lina ukubwa gani, na nani atasafisha.

Vipimo vingi wananchi wanaviweza. Mpira wa maji unaoonyesha, wa mita 15, uliojazwa bila mapovu, unatoa usawa wa kutosha kwa mfereji wa kijiji. Nguzo mbili zenye alama za sentimita, watu wawili, daftari. Wakisogea mita 10 kwa 10 wanapata mteremko wote. Linaloharibu ni povu moja tu ndani ya mpira, nalo huwapa mfereji unaopanda kilima.

Na hesabu ya maji si siri ya wahandisi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Chukua korongo linalokusanya maji kutoka kilomita 2 za mraba. Zinyeshe milimita 60 kwa mkupuo, na tuseme nusu inatiririka: hizo ni mita za ujazo 60,000. Zikipita ndani ya saa tatu, ni wastani wa mita za ujazo 5 na nusu kila sekunde, na kilele chake ni kikubwa zaidi ya hapo. Kalavati moja la sentimita 60, likiwa safi kabisa, halipitishi hata mita moja ya ujazo kwa sekunde. Bado tunaona makalavati hayo yakizikwa mahali pa namna hiyo, moja moja, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yamebaki bohari. Mvua ya kwanza inaleta mashina ya migomba na chupa za plastiki, mdomo unaziba, maji yanapanda juu ya barabara na kuikata pembeni ya kalavati, si juu yake. Kalavati linabaki limekaa peke yake katikati ya shimo.

Mahali pa hivyo, kivuko mfuto, yaani sakafu ya zege na mawe ambayo maji hupita juu yake, ni bora na hakizibi. Kina masharti yake: upande wa kushukia maji lazima kiwe na ukuta wa chini uliozama angalau mita moja na mawe makubwa mbele yake, maana hapo ndipo maji huchimba, na nguzo za alama ziwekwe pande zote mbili ili mwenye bodaboda aone kina kabla hajaingia. Panapohitajika kalavati, liwe la sentimita 90 kwenda juu. Hupitisha zaidi ya mara mbili ya lile dogo, na, la muhimu kuliko yote, mtu anaingia ndani na koleo kulizibua.

Matuta

Kila kijiji cha bondeni huomba tuta. Ombi hili linahitaji kusomwa kwa makini kuliko yote, kwa sababu tuta baya ni hatari kuliko kukosa tuta: watu hujenga nyuma yake wakiamini wamekingwa. Kilosa walilipa gharama hiyo. Tuta la Mto Mkondoa lilipoachia mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, maelfu ya watu walihama makwao na Reli ya Kati ikasombwa.

Tuta la urefu wa mita 1.5 kwenda juu, lenye kichwa cha upana wa mita 2 na mbavu za moja kwa mbili (kila mita ya kimo, mita mbili za upana kila upande), lina kitako cha mita 8. Hiyo ni mita za ujazo 7.5 kwa kila mita moja unayosonga mbele, au 750 kwa mita 100, bila kuhesabu robo nyingine ya kuongeza kwa sababu udongo uliochimbwa hupungua ukishindiliwa. Kwa ruzuku ya kijiji, mita 100 hadi 200 ni kazi inayowezekana, hasa kuziba pengo au kuinua sehemu iliyoshuka. Tuta la nusu kilomita si mradi wa kijiji hata kidogo. Liende Bodi ya Maji ya Bonde na Wizara ya Maji, na fomu iseme hivyo mapema ili watu wasipoteze mwaka wakisubiri.

Kazi yenyewe huanza kwa kuondoa udongo wa juu sentimita 20 hadi 30 pamoja na mizizi yote na vichuguu. Kichuguu kilichofukiwa chini ya tuta ni bomba. Kisha unachimbwa mtaro wa kifungo katikati, kina kisichopungua nusu mita, unajazwa mfinyanzi. Udongo unapandishwa kwa matabaka: sentimita 15 hadi 20 ukiwa na mtambo, zisizozidi 15 kama ni vishindilio vya mkono, na hakuna tabaka linalowekwa juu ya lililokauka laini bila kulikwaruza kwanza, maana maji hupenda kupita katikati ya matabaka mawili yasiyoshikana. Juu ya alama ya mafuriko makubwa yanayokumbukwa iongezwe nusu mita, na juu ya hiyo asilimia 10 ya kimo kwa ajili ya kutitia.

Makosa tunayokutana nayo ni yale yale. Wanapanda miti juu ya tuta kwa sababu siku ya uzinduzi kiongozi lazima apande mti. Mti ukifa, mzizi unaoza na kuacha njia ya maji. Zipandwe nyasi, ukoka au vetiva, miche ya vetiva ikiachana sentimita 10 hadi 15 kwenye mstari, mwanzoni mwa mvua, si Agosti. Ng'ombe wanapewa tuta lakini hawapewi njia, kwa hiyo wanajichongea yao: baada ya misimu miwili utakuta sehemu imebonyea sentimita 40 pale wanapovuka kwenda kunywa, na maji yanaingilia hapo hapo. Njia ya mifugo iliyosakafiwa kwa mawe iwe ndani ya mchoro na ndani ya bajeti. Mabomba ya kutolea maji ya ndani yanasahaulika, na kijiji kinakingwa na mto huku kikizama kwa mvua yake chenyewe. Bomba hilo liwe na kifuniko kinachofunga mto ukipanda, na apatikane mtu wa kukitoa uchafu.

Halafu kuna jirani wa ng'ambo. Maji uliyoyazuia upande huu hayajafa. Hakuna tuta litakalolipwa na ruzuku hii bila muhtasari wa pamoja wa vijiji vya pande zote mbili na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009. Tukiruka hatua hii, mwakani tutakuwa tunapokea maombi ya tuta la kushindana.

Na kuna ile mita 60. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bahari, nanyi mnajua mashamba na vibanda viko humo. Ruzuku ilipie kuweka alama za mpaka huo kwa nguzo zinazoonekana. Kuhamisha watu ni suala jingine lisilotosha kwenye milioni 25. Waliopelekwa Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam, wengi walirudi mabondeni, kwa kuwa riziki ilikuwa kule.

Milimani

Nguvu ya maji ya bondeni hupunguzwa juu. Vizuizi vya mawe kwenye korongo ni kazi nafuu kuliko zote tunazozijua, na inayokosewa kirahisi. Kanuni ya nafasi: kichwa cha kizuizi cha chini kiwe usawa mmoja na mguu wa cha juu yake. Kizuizi cha nusu mita kwenye mteremko wa asilimia 5 kinafuatiwa na kingine baada ya mita 10. Vikiachana zaidi, maji yanapata nafasi ya kuchimba katikati. Katikati ya kila kimoja paachwe mdomo ulioshuka kuliko mabega yake kwa sentimita 20 au 30, mabega yazame nusu mita ndani ya kingo, na chini ya mdomo patandazwe mawe. Kizuizi kilichojengwa kwa usawa kama ukuta wa nyumba hupeleka maji pembeni, na msimu mmoja unatosha kupanua korongo mara mbili.

Gabioni, yaani masanduku ya wavu wa waya yaliyojazwa mawe, zinapendwa kwa sababu zinapiga picha nzuri. Ziruhusiwe, ila ndani ya mchoro wa kawaida: sanduku la mita 2 kwa 1 kwa 1 linakula mita za ujazo 2 za mawe, mawe yawe makubwa kuliko tundu la wavu, yapangwe kwa mkono, waya za kuvutia ziwekwe kila sentimita 30 kwenda juu. Ukuta wa mita 20 wenye sanduku mbili chini na moja juu unataka mita za ujazo 60, yaani safari 9 hivi za tipa ya mita 7. Kijiji kisichokuwa na mawe ndani ya kilomita chache kisipewe gabioni. Kitajaza changarawe, wavu utavimba, ukuta utalala.

Kwa vijiji vilivyo chini ya miteremko mikali, kama vya Hanang, Lushoto, Same na Uluguru, jambo la kwanza ni kuangalia. Goha wilayani Same ardhi iliteleza Novemba 2009. Hanang serikali ilieleza kuwa sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ikameguka. Ufa mlimani unapimwa kwa vigingi viwili, kimoja kila upande, na utepe wa kupimia: kila wiki wakati wa kiangazi, kila siku wakati wa mvua, daftarini. Umbali ukiongezeka kati ya vipimo viwili, au chemchemi ikahama, au maji ya kijito yakageuka tope ghafla au kupungua mvua ikiendelea kunyesha, watu wa chini wanahama kwanza na mjiolojia anaitwa baadaye. Kwa sasa mpangilio wa kawaida ni kinyume chake.

Taarifa na mahali pa kukimbilia

Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) inatoa utabiri wa siku tano wenye ngazi za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Ujumbe unafika simu ya mtendaji. Kinachokatika ni kutoka hapo kwenda kitongojini, na kujua neno hilo linamaanisha nini kwa korongo hili. Kila kijiji kiwe na kipima mvua kilichowekwa mbali na mti au nyumba kwa umbali usiopungua mara mbili ya kimo chake, kisomwe saa 3 asubuhi kila siku, na mto uwe na nguzo iliyopakwa kijani, njano na nyekundu. Baada ya misimu miwili kijiji kitaweza kusema kwa hakika: ikifika njano huku juu kukiwa bado kunanyesha, tuna saa ngapi. Ruzuku iruhusu vitu vidogo ambavyo kanuni za manunuzi huvikataa: betri za kipaza sauti, vocha, makubaliano na msikiti na kanisa juu ya matumizi ya spika zao. Mifumo mingi ya tahadhari tuliyoikuta imekufa, imekufa kwa kukosa betri.

Shule ndiyo kimbilio la kawaida. Darasa la mita 9 kwa 7, kwa kipimo cha mita za mraba 3.5 kwa mtu kinachotumika kimataifa, linalaza watu 18. Shule ya vyumba saba, watu 126. Vijiji vinaandika kwenye mpango kwamba shule itapokea watu 600. Kipimo cha maji ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo hata hao 126 wanahitaji karibu lita 1,900 kila siku, wakati tangi lililopo mara nyingi ni la lita 1,000 na halina bomba la paa. Hayo yarekebishwe kwa ruzuku. Paa pia: kenchi zifungwe kwenye linta kwa tepe za chuma, si misumari mitupu, hasa mwambao wa kusini baada ya Hidaya. Na ufunguo wa akiba ukae kwa mtu anayelala kijijini, kwa maana mara nyingi ule mmoja uko kwa mwalimu anayeishi kata nyingine.

Nani ajenge, nani atunze

Kazi hizi zifanywe kwa fosi akaunti, yaani kutumia mafundi wa kawaida bila mkandarasi, chini ya kamati ya kijiji. Mafundi wengi wa mawe hawamo kwenye NeST na hawatakuwemo kesho. Vikundi vya vijana na wanawake visaidiwe kusajiliwa ili vinufaike na asilimia 30 ya zabuni iliyotengwa kwa makundi maalumu, lakini mradi usisubiri usajili. Mchango wa wananchi uhesabiwe kwa mawe, mchanga na siku za kazi, kwa bei iliyoandikwa, na usidaiwe fedha taslimu kwa kijiji kilichopigwa ndani ya miaka mitatu. Kaya zilizo kwenye ajira za muda za Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) zipangiwe kazi hizi Julai hadi Septemba. Kuwaita watu kuchimba mtaro Desemba, wakati wa kupanda, ni kuwaambia wachague kati ya mafuriko na njaa.

Asilimia 5 ya thamani ya kila kazi itengwe kwa mwaka, kwa miaka mitatu, kwa ajili ya usafi na matengenezo, na itolewe na halmashauri kutoka mapato ya ndani. Mfereji usafishwe Septemba na tena Februari, mchanga uliotolewa ubebwe. Ukiachwa ukingoni, mvua inaurudisha. Hesabu zibandikwe kwenye ubao wa kijiji kila baada ya miezi mitatu, sambamba na mkutano mkuu. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) anazo taratibu zake nyingine, hatuna la kuongeza.

Si kwamba haya hayajajaribiwa. Monduli, Longido na Ngorongoro wananchi walikwisha kupanga wenyewe matumizi ya fedha za tabianchi kupitia halmashauri zao, na jirani zetu wa Kaunti ya Makueni, Kenya, walitunga kanuni mwaka 2015 za kutenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo kwa kazi hizo. Hata hapa, halmashauri yoyote inaweza kuanza na vijiji viwili bila kusubiri waraka, ila bila kinga ya Juni 30 itakwama pale pale.

Hazina watauliza: mvua isiponyesha hela itakuwa imepotea? Kivuko mfuto kitapitisha magunia ya mahindi na wajawazito mwaka wowote, na tangi la shule litatumika kila siku ya masomo. Tuta pekee ndilo linaloweza kukaa miaka bila kazi, ndiyo maana tumeliwekea masharti mengi kuliko mengine.

Tunaomba mwongozo wa dirisha hili utolewe kabla halmashauri hazijapewa ukomo wa bajeti ya mwaka ujao wa fedha, ukiambatana na michoro ya kawaida ya kazi saba: mfereji, kalavati, kivuko mfuto, tuta fupi, kizuizi cha korongo, gabioni na maboresho ya shule ya kimbilio. Rasimu za michoro hiyo na orodha za vifaa tunazo. Tutazikabidhi bila malipo kwa ofisi itakayoteuliwa kuzipokea.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mafundi sanifu, maofisa maendeleo ya jamii na wataalamu wa mazingira wanaofanya kazi na kamati za maafa za vijiji.

Nakala:
Makatibu Tawala wa Mikoa yote,
Wakurugenzi wa Halmashauri zote,
Wenyeviti wa Bodi za Maji za Mabonde,
Mkurugenzi Mkuu, TMA.